Ukuta wa Kitheka

Kitheka alifika kwari, machimboni mwa mawe, asubuhi, nyundo begani, akakuta reli za mashine zimelazwa juu ya ukuta wake wa jiwe.

Ulikuwa wake kweli. Katika kwari ile ya Mlolongo desturi ilikuwa moja: aliyefukua udongo mpaka jiwe likaonekana, jiwe hilo ni lake kuchonga, na mwingine haligusi. Kufukua hakuna malipo, malipo ni mawe yenyewe. Yeye na mkewe Ndinda walifukua masika yote, Ndinda akibeba udongo kwa karai mpaka mgongo wake ukakataa kunyooka. Leo ndiyo ingekuwa siku ya kupiga tindo. Badala yake ilisimama mashine ya kukata mawe, na nyuma yake amekaa Aloys, kijana aliyefundishwa kushika nyundo na Kitheka huyo huyo. Asante ya punda ni mateke.

"Madam, hii ukuta si ni yangu?" Kitheka akamwuliza Kalunde, mwenye kwari.

"Ni yako, sikatai. Lakini watu wa kujenga ploti hawataki mawe ya nyundo tena. Wanasema haijanyooka, inakula simiti."

"Si uweke mashine pale kwingine?"

"Kwingine kuna udongo. Mashine haifukui."

"Basi nilipe hiyo kufukua."

"Nani amewahi kulipwa udongo hapa?"

Wachongaji wengine wakainamia nyundo zao. Hilo lilimuuma Kitheka kuliko jibu. Akaokota mtaimbo, akaitwanga mashine ubavuni hadi bati likabonyea.

Aloys akaruka akamkaba. "Kitheka, wacha! Ukivunja hii narudi nyundo. Bibi yangu ako na mimba."

"Rudi basi, kama sisi."

Wakagaragazana juu ya changarawe. Aloys akamng'ata sikio; Kitheka akampiga kichwa cha pua, damu ikawatapakaa wote wawili. Akajinasua, akainua mtaimbo kukilenga kisu cha mashine. Aloys akakinga kisu kwa mkono wake mwenyewe. Mfupa ukakatika kama kuni kavu, ncha yake nyeupe ikatokeza.

Ndinda, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika na karai lake, akaja mbio, akararua leso yake kuufunga mkono ule. Kalunde alikwenda kwanza kwenye mashine, akapitisha kidole kwenye kisu, akaona ni kizima.

"Mpelekeni hospitali," akasema. "Na lori ya Syokimau inakuja saa sita. Nani atakata?"

Wachongaji wote wakasogea mbele, kila mmoja akifuta viganja kwenye suruali. Kalunde akawapita kwa macho.

"Wewe Kitheka, unajua hili jiwe kushinda hawa. Panda, na mimi siiti polisi."

Kitheka alimtazama Ndinda. Ndinda alikuwa anafunga fundo, hakuinua uso. Aibu ilimchoma, lakini miguu ilikuwa imeshaanza kwenda. Akapanda. Kiti kilikuwa bado na joto la Aloys.

"Nyinyi wengine," Kalunde akawaambia, "anzeni kufukua upande ule."

"Na malipo, madam?" mmoja akauliza.

"Tutaongea."

Wawili wakamshika Aloys kwenda hospitali, wengine wakachukua majembe. Kisu kikashuka juu ya ukuta, vumbi likapanda, na jiwe la kwanza likatoka limenyooka pande zote. Ndinda akapita kando ya Kitheka ameinama, karai mkononi, kwenda kubeba udongo.