Mama Mkwe Katika Nafasi ya Nane

Rubeni hakuwa mwoga. Pale Same mjini, dukani kwake anakouza vipuri vya pikipiki, aliwahi kumwambia mwenyekiti wa mtaa usoni kwamba breki zake na ahadi zake zina ugonjwa mmoja, hazishiki. Lakini asubuhi ile ya kutoa orodha alikaa na simu mkononi akitokwa jasho. Same ina joto lake, kweli, ila jasho lile halikuwa la jua.

Orodha yenyewe ilikuwa ya besiboli. Usicheke. Wakati Rubeni na wenzake wako sekondari, alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, akawafundisha kupiga mpira mdogo kwa gongo na kuzunguka uwanja mbio kama watu waliokanyaga siafu. Mwalimu akarudi kwao, uwanja ukalimwa mahindi, vijana wakaoa na kuota vitambi, lakini mchezo haukuwatoka. Mmoja wao, Nicolaus, ambaye sasa ni karani Mwanga, akapata programu ya kompyuta inayocheza besiboli yenyewe. Wachezaji wake hawapo duniani. Kompyuta huwabuni, huwapa majina ya Kizungu, huwazeesha na mwisho huwastaafisha. Meneja kazi yake ni kuchagua nani arushe mpira na nani aupige. Kila jioni Nicolaus huendesha mechi na kutuma matokeo kwenye kundi lao la simu, na hapo watu wazima wenye ndoa na mikopo ya benki hutaniana mpaka chakula kinapoa mezani.

Timu zilikuwa nane, kila moja na jina la mahali: Same, Mwanga, Lembeni, Chome na nyingine za milimani. Kila mwaka, kabla msimu haujaanza, Rubeni ndiye aliyezipanga, ya kwanza mpaka ya nane, na chini ya kila moja akaandika maneno. Nafasi hazikuwa na uzito sana. Kilichosubiriwa ni maneno. Watu wa Lembeni aliwahi kuwaandikia kwamba ni kama mvua ya kwao, wingu kubwa na manyunyu mawili. Timu yake mwenyewe, Same, huiweka ya tatu kila mwaka, kwa unyenyekevu anaosema amerithi kwa babu. Ambaye hakutaniwa kwenye orodha ya Rubeni alijiona kama mgeni aliyepitwa na sinia la chai.

Tatizo la mwaka huu lilikuwa Chome.

Timu ya Chome ilikuwa ya Paschal. Paschal alipopata kazi Songea akakosa nafasi, akamwachia mama yake, na kila mtu akasema mama hamalizi wiki. Mama mwenyewe ni Veneranda, mwalimu mkuu mstaafu, mwenyekiti wa wanawake wa usharika, mtu ambaye akipita njiani hata mbwa hukaa vizuri. Wiki ikapita, mwezi ukapita, msimu ukaisha, na Mama Veneranda yumo. Rubeni alikuwa akimtania kama anavyowatania wote. Mwaka mmoja aliandika kwamba Chome wanapanga timu kama watu wanaopanga viti vya msibani, wazee wote mbele. Mama akamjibu kwamba afadhali wazee wake, kwani vijana wa Same ni kama vipuri vya dukani kwake, vipya kwenye boksi na vibovu barabarani. Kundi zima lilicheka siku nzima.

Kisha, kwenye ubatizo wa mtoto wa Nicolaus, Rubeni akakutana na Wema, mwalimu wa shule ya msingi Lembeni. Walipokuja kuulizana kwao ni wapi, Wema akasema Chome, akamtaja na mama yake, Mwalimu Veneranda. Rubeni aliitua soda yake mezani bila kuimaliza. Hata hivyo mapenzi hayaulizi orodha, na sasa posa ilikuwa inapelekwa Jumamosi, wiki moja tu baada ya orodha kutoka.

Huko milimani mkwe ana adabu zake. Mama mkwe hamtazami machoni, hamwiti kwa jina, wakikutana njiani humpisha kando na kuinamisha kichwa. Utani ni wa babu na mjukuu, na wa shemeji. Mama mkwe hataniwi. Na ukweli ulikuwa kwamba Chome ya mwaka huu ilikuwa mbovu kupita timu zote. Mrushaji wake mkuu, Dallas Pruitt, ambaye kundini wanamwita Mzee Puruti, alikuwa na zaidi ya miaka arobaini na mkono uliokwisha, lakini Mama Veneranda hakutaka kumwacha, eti wamezoeana.

Wema alimwambia aandike kama anavyoandika siku zote. Rubeni akaitikia, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Akaiweka Chome nafasi ya tatu, timu yake akaishusha ya nne, na chini ya jina la Chome akaandika: "Timu yenye busara na heshima. Mrushaji wake Puruti ana uzoefu mkubwa. Tunaitakia kila la heri." Halafu akatuma na kuvuta pumzi kama mtu aliyelipa deni.

Nicolaus alimpigia papo hapo kumuuliza kama anaumwa. Mama Veneranda, ambaye kila mwaka ndiye wa kwanza kujibu, hakujibu kitu. Rubeni akakitafsiri kimya kile kuwa ni furaha.

Jumamosi posa ikapanda Chome. Mshenga alikuwa Eliufoo, mdogo wake baba yake Rubeni, mzee mwenye koti moja na maneno elfu, ambaye besiboli hajawahi hata kuiota. Aliporudi Same jioni alikuwa amelowa ukungu na uso wake haueleweki. Rubeni akamwamkia, akaitikiwa, akasubiri.

"Tumepokelewa vizuri, tumekula makande, tumekunywa chai ya tangawizi," Eliufoo alisema. "Jibu lipo, ila hawakunipa. Mama wa binti amesema kwanza uandike upya habari za Mzee Puruti."

Rubeni alishika kichwa.

"Sasa nieleze mimi baba yako mdogo," Eliufoo akaendelea. "Huyo Puruti ni wa ukoo gani, na umemkosea nini mzee wa watu? Niliuliza pale uani kama atapokea mbuzi wa kumwomba radhi. Wazee wakatazamana, na mama wa binti akaingia ndani haraka, kanga mdomoni. Nadhani alikuwa analia."

Rubeni alijaribu kumweleza kwamba Puruti hayupo duniani. Eliufoo akampa pole na kusema basi ndiyo mbaya zaidi, maana marehemu kumridhisha ni kazi.

Usiku ule Rubeni aliligeuza lile neno kila upande, na kila upande alioligeuza aliogopa zaidi. Wema alikuwa ndiye kila kitu kwake. Tayari alikuwa ameshapaka rangi chumba cha pili cha nyumba yake kwa ajili ya vitabu vya Wema. Watani wao wa Mlima Kilimanjaro husema Mpare kama yeye yuko tayari kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, na sasa aliona kesi ya kuku imemfika mlangoni. Akajiambia kosa lake liko wazi: hakumsifu Puruti vya kutosha. Jumatatu kulipokucha akairekebisha orodha. Chome ikapanda nafasi ya kwanza. Puruti akawa "nguzo ya ligi, hazina ya kizazi hiki, mkono wa dhahabu." Kundini hakuna aliyeandika hata neno moja.

Baada ya saa moja simu yake ikaita, naye alipoona jina la mpigaji alisimama wima nyuma ya kaunta, dukani kwake, mbele ya wateja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lakini leo sijapiga kama mama yake Wema. Napiga kama meneja wa Chome, na meneja wa Same anijibu kama meneja. Timu yangu ni ya ngapi?"

"Ya kwanza, ma…"

"Rubeni."

Wateja walikuwa wanamtazama. Akageukia ukuta.

"Ya nane, mama."

"Na Puruti?"

"Puruti amekwisha, mama. Alikwisha mwaka juzi."

"Sasa tunaongea," alisema Mama Veneranda, na sauti yake ikashuka. "Nisikilize. Nikienda sokoni, shikamoo mwalimu. Nikienda kanisani, shikamoo mwenyekiti. Tangu baba yao afariki na Paschal aende Songea, hakuna mtu huku juu wa kuniambia nimekosea hata chumvi. Wananiheshimu mpaka nasikia baridi. Kwenye lile kundi lenu ndiko peke yake ninakotaniwa kama mtu. Huwa nacheka peke yangu jikoni mpaka jirani anakuja kuuliza kama nina wageni. Sasa wewe unataka kuwa mwanangu, na kitu cha kwanza unachofanya ni kuninyang'anya hicho."

Rubeni aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni.

"Nilipoiona ile nafasi ya tatu nililia, mwanangu. Umenivika kilemba cha ukoka mbele ya wenzangu, na leo umekiongezea maua. Na kijana anayenidanganya mimi kwa heshima, kesho atamdanganya Wema kwa mapenzi. Uani kwangu utainamisha kichwa, hilo halina mjadala. Lakini kwenye ligi mimi ni meneja. Nataka orodha yangu kabla msimu haujaanza."

Akakata simu. Rubeni alimwuzia mteja mmoja plagi badala ya taa, akafunga duka kabla ya saa sita, akaenda kukaa nyuma penye kivuli cha ukuta. Alianza kuandika, akafuta. Kusema kweli kuhusu timu ni rahisi. Kumtania mama mzazi wa mtu unayetaka kumwoa, tena kwa amri yake, hilo mafunzo yake hayapo kokote. Mwishowe alifumba macho na kumfikiria yule mama akiwa jikoni, peke yake, ukungu nje, simu karibu na meko. Hapo maneno yakaja yenyewe, na alipoyasoma tena alijikuta anacheka.

Aliandika hivi:

"Nawaomba radhi wote kwa orodha mbili zilizopita, niliziandika nikiwa mgonjwa wa hofu. Same, ya tatu, kwa unyenyekevu. Chome, nafasi ya nane, na ni kwa sababu tu timu ziko nane. Meneja wake ana akili kutuzidi sote, ila hajui kutupa jongoo na mti wake. Mzee Puruti siku hizi harushi mpira, anaupungia mkono wa buriani. Wapigaji wake wamelelewa vizuri mno, wanaona haya kugusa mpira wa mtu. Mnaopanda kucheza Chome mwaka huu, bebeni sweta tu. Ushindi mtaukuta huko huko."

Akatuma. Nicolaus ndiye aliyejibu kwanza: "Ulikuwa rafiki mwema. Tutakukumbuka." Lembeni wakauliza wachange nini msibani. Halafu kundi likatulia, na Rubeni akabaki kuitazama simu mpaka kivuli cha ukuta kikamkimbia, jua likamkuta utosini.

Ujumbe wa sauti ukaingia kundini. Aliuweka sikioni. Mwanzoni hakusikia neno, alisikia kicheko tu, kicheko kirefu cha mtu mzima anayejishikilia kwenye meza, kikafika kwenye kikohozi, kikaanza tena. Nyuma yake kuku walikuwa wanalia, na sauti ya jirani ikauliza kuna wageni gani.

"Meneja wa Same," Mama Veneranda alisema alipopata pumzi. "Umenitukana vizuri. Nakushukuru. Wazee waliikubali posa siku ile ile kabla chai haijapoa, jibu nilikuwa nimelikalia mimi. Mwambieni Eliufoo apande alichukue. Na yule mbuzi wa Mzee Puruti asimsahau."

Kundi likalipuka kwa pongezi. Wema hakusema kitu kundini kwani hakuwamo, ila alimpigia Rubeni na kumwambia maneno manne, nilikuambia andika kama kawaida.

Wakapanda tena Chome, safari hii Rubeni mwenyewe yumo, na mbuzi yumo. Alikaa uani kwenye benchi pamoja na wazee, kichwa chini, mikono magotini, macho kwenye vidole vya miguu. Mama Veneranda alitoka na kanga mpya, akawasalimia wageni mmoja mmoja kwa utaratibu, na alipofika kwa mkwe wake akapita mbali kidogo, kama inavyotakiwa, wala hakumtazama. Wazee walipendezwa. Akaingia jikoni.

Mjomba wake Wema alikuwa amesimama kuomba dua, wote wameinamisha vichwa, simu ya Rubeni ikatetemeka mfukoni. Aliichungulia kwa jicho moja chini ya benchi. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa meneja wa Chome: "Kaa wima wewe nafasi ya tatu. Mgongo umeukunja kama Puruti."

Rubeni alijing'ata mdomo. Alijaribu kufikiria mambo ya msiba, kodi, bei ya mafuta, haikusaidia. Mabega yalimtetemeka na machozi yakamshuka mpaka kidevuni, na kutoka jikoni akasikia sufuria ikigongwa na mtu anayejifanya yuko kazini. Dua ilipokwisha, mjomba alimwona kijana amelowa machozi, akamwinamia Eliufoo na kumnong'oneza kwamba huyu amelelewa, posa tu imemliza.

Eliufoo akaitikia kwa kichwa, akamvuta mbuzi karibu, akauliza kwa upole kama Mzee Puruti yupo tayari kumpokea.