Diski Nne, Zizi Moja

Luhende Mwikwabe alikuwa na studio ya video mjini Musoma, nyuma ya soko, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akishanunua kitu kizuri, kitu hicho kinageuka dini. Biashara ilipofunguliwa na televisheni zikaanza kuingia nyumba za watu, dini yake ilikuwa kamera. Kufika mwaka elfu mbili na tatu, akawa muumini wa diski.

Tusimcheke mapema lakini, maana alikuwa na sababu. Baba yake, Mzee Mwikwabe wa Butiama, alikuwa anaumwa kifua, na daktari alishaacha kumpangia tarehe ya kurudi. Luhende akapanda Butiama na kamera, akamkalisha mzee uani. Mzee akaimba nyimbo zote alizowaimbia ng'ombe wake ujanani, akataja ukoo ulikotokea, akamtania hata marehemu mkewe mpaka waliokuwepo wakafuta machozi kwa kucheka. Wajukuu ambao hawajazaliwa wangemjua babu yao kwa picha ile. Luhende akaapa haitapotea.

"Utoe na kanda nyingine," mzee alimwambia wakati anakunja nyaya. "Umpelekee Bernado kule Kibara. Ikae kwake."

"Baba, mambo ya kanda yamepitwa na wakati. Hii inakaa kwenye kompyuta."

"Kompyuta iko wapi?"

"Studio."

"Zote studio?" mzee akauliza, kisha akakohoa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa elewa jambo moja. Mzee Mwikwabe hakuwahi kulaza mali yake yote mahali pamoja. Ng'ombe wengine walikuwa Butiama, wengine kwa rafiki yake wa Bunda, wengine kwa huyo Bernado, Mjita mvuvi wa Kibara, ambaye aliwatunza, akanywa maziwa yao, na mara mojamoja akapewa ndama. Ile miaka ya shida, sabuni ikipatikana kwa foleni na sukari kwa kibali, wezi walikuja Butiama na bunduki mchana kweupe wakafagia zizi zima. Nyumba ile ilianza upya kwa mitamba iliyotoka kwa Bernado. Ada ya shule ya Luhende ilitoka kwenye mitamba hiyo hiyo. Hadithi hii aliisikia tangu anatambaa, mara nyingi mno, mpaka ikawa haimwingii tena sikioni.

Pale studio fundi wa kompyuta alikuwa Marieta, binti aliyesomea kazi hiyo Dar es Salaam na asiyeogopa mtu. Ndiye aliyeleta habari za reidi: unafunga diski nne pamoja, kadi moja inaziongoza, picha inagawanywa kwa zote, na ikifa moja zile tatu zinaziba pengo.

"Ila bosi, tununue za seva," alisema. "Hizi za kompyuta za mezani zimetengenezwa zipumzike jioni. Sisi hapa hatuzimi."

"Diski ni diski, Marieta. Zote si zinazunguka?"

"Zinazunguka, ndiyo. Lakini ya mezani ikikuta mahali pabovu inang'ang'ana hapo hapo, inajaribu, inajaribu, haijibu mtu. Kadi inadhani imekufa, inaitoa. Ya seva inasema upesi, hapa nimeshindwa, nyingine zinaisaidia, kazi inaendelea."

"Kwa hiyo nilipe zaidi kwa diski inayokata tamaa haraka?"

Basi! Wakabishana juu ya hilo msimu mzima wa harusi. Wateja walikuja kuchukua picha za ubatizo wakajikuta wanaombwa kupiga kura. Mwisho Luhende akanunua za mezani, nne, akahamishia kila kitu humo, na baba yake akiwemo.

Hazikumaliza kipupwe. Siku moja wako katikati ya harusi ya watu wa Bunda, kadi ikaitoa diski moja nje. Marieta akaweka mpya, na wakati zile tatu zinahangaika kuijaza, ya pili nayo ikaanza kuduwaa. Luhende aliona jina la faili la baba yake linatokea na kupotea kwenye kioo, akakaa chini sakafuni. Alilia, mtu mzima na kitambi chake, na hakujali nani anaona.

Marieta alibembeleza mitambo ile mpaka ikarudi. Kuanzia hapo, weee, nani angemweza Luhende? Akauza pikipiki, akaagiza diski za seva. Zilipofika alizipokea kama mahari. Akawahubiria wenye studio wenzake, akamhubiria mchungaji, akamhubiria hata muuza dagaa: kuna diski za watoto na kuna diski za wanaume. Marieta, aliyeshinda ubishi, naye alitembea mabega juu. Wawili hao hawakuwahi kupatana hivyo.

Na kwa kuwa sasa walikuwa na diski za wanaume, kanda ya nini? Kanda za kamera ziliagizwa Mwanza, na pale studio desturi ilikuwa kwamba picha ikishaingia kwenye kompyuta, kanda inarudi kazini. Ile ya mzee ilirudi kazini. Walirekodia juu yake harusi moja ya Kibara. Kibara kwenyewe, kwa Bernado, jamani, na gari lilikuwa na nafasi.

Mzee Mwikwabe alifariki mvua za vuli zilipoanza. Luhende aliwaliwaza watu kwa maneno kabla hawajamzika baba yake: msilie sana, siku ya kuanua matanga mtamwona hapa hapa uani, anaimba. Dada zake walitulia kwa ahadi hiyo. Akashuka Musoma kuchukua mashine.

Alimkuta Marieta kakaa mlangoni, mikono mapajani. Radi ilipiga mchana ule nguzo ya umeme nje ya studio. Ilipita kwenye waya, ikala kadi na diski zote nne. Haikuuliza zipi za seva zipi za mezani. Chumba kilinuka mpira ulioungua.

"Bosi," alisema Marieta, "nimejaribu kila kitu." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Tulibishana aina. Hatukuwahi kubishana mahali."

Luhende alifunga mlango wa studio. Alirudi Butiama mikono mitupu, akakaa kwenye kona ya uani, akangoja mtu aulize.

Siku ya kuanua matanga ng'ombe walianza kufika. Rafiki wa Bunda aliwaleta waliokuwa kwake, hakuna aliyemwita. Halafu akaja Bernado, mzee wa miguu ya vumbi, ametembea siku mbili kutoka Kibara na mitamba na dume moja, wote wamenona. Hakukuwa na karatasi wala shahidi. Angeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angejua. Aliwataja mmoja mmoja mbele ya watu, mama zao na bibi zao, mpaka dada zake Luhende wakaangua kilio upya.

Walipoingizwa zizini, Bernado alikuja kukaa karibu na Luhende, akamshika bega.

"Pole, mwanangu. Ng'ombe za baba yako ndiyo hizo, hakuna iliyopotea. Tulikuwaga tunawekeana hivyo toka vijana." Akatazama pembeni ya kiti cha Luhende, akatazama na chini yake. "Sasa na mimi nipe changu niondoke nacho. Mzee alinitumiaga salamu, kasema kuna kanda yake itakuja kukaa kwangu. Kabati nimeshaisafisha."