Koti la Andati na Majani ya Ndulele

Koti jeupe ndilo lililomponza Andati. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya kioo katika maabara moja mjini, lakini kila Jumamosi koti hilo likianikwa kambani katika mtaa wa Tena, ploti nzima ya wapangaji iliona daktari. Naye hakuukana udaktari. Sifa ni tamu, na mke wake alikuwa Busia, hakuna wa kumsuta.

Basi mwaka huo wa tisini na sita akaropoka kwamba maji ya majani ya ndulele yameua seli za saratani, kaona mwenyewe kwenye kisahani cha maabara. Wiki haikwisha, vichaka vya ndulele kutoka Tena hadi Mowlem vikabaki vijiti. Wagonjwa kwa wazima walikunywa, wakaharisha, wakasema dawa inafanya kazi.

Jirani yake Kavinya, Mama Mativo, aliyempikia tangu mkewe arudi kijijini, alikuwa na uvimbe titini. Jumatatu alitakiwa hospitali apasuliwe.

"Siendi tena, daktari," akamwambia Jumapili uani, kikombe mkononi. "Nikatwe ya nini na dawa ninayo?"

Ijumaa mkubwa wa Andati kazini alikuwa amegundua kwamba seli zimekufa hata katika visahani visivyotiwa majani. Andati alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, hakuvisuuza.

"Mama Mativo, mimi si daktari. Mimi huosha vyombo, na sikuviosha vizuri. Sabuni iliyobaki ndiyo iliyoziua hizo seli. Kwa kisahani hata chumvi ingeziua, lakini mwili wa mtu si kisahani. Tafadhali, enda hospitali."

Majirani waliokuwa wakingoja zamu yao kwenye sufuria ya ndulele walisikia yote. Aibu ilimchoma Andati hadi masikioni.

Kavinya akamwaga kikombe. "Kumbe miezi yote hii napikia mwosha vyombo, na vyangu hujawahi kugusa! Kesho saa moja utanibebea mkoba."

Asubuhi wakapita dukani kwa Kinyanjui, wakakuta foleni imefika barabarani. Kila mtu alitaka sabuni ya unga.

"Daktari!" akaita mzee mmoja. "Ni kijiko kimoja ama viwili?"

Andati hakuwa hata na koti. Akasimama, akaanza kueleza upya tangu mwanzo.

"Ni ya kufua nguo!" akafoka Mama Mativo, akamvuta mkono. "Twende, mimi nachelewa kupona."