Kondoo wa Ghorofa ya Nne

"Bibi Anarkan, huyu kondoo wako kalala tena mlangoni pangu! Kila asubuhi naruka mavi, na magoti yenyewe haya!"

"Anapumzika tu, Tursunai. Kwani wewe hupumziki?"

"Napumzika kwangu! Na tangu mjukuu wako aje, hata bakuli la chai hujaniitia. Nimekukosea nini, jirani?"

Bibi Anarkan alifungua kinywa, akakifunga. Neno la kumwita mgeni ndani ndilo lililolala pale mlangoni, jeupe, limejaa manyoya, likicheua.

Jambo hilo halikuwa geni kwa yeyote katika jengo lile la Bishkek. Aidai, mwenye miaka sita, alizaliwa Moscow, ambako wazazi wake wamebaki kwenye vibarua. Alikuja na sanduku moja na Kirusi kitupu. Kila neno la Kikirigizi ambalo bibi alimwambia likakosa pa kutua, lilianguka sakafuni likawa kondoo, na bibi hakuwa nalo tena. Walishafika kumi na mmoja. Kijiko, aliyetokana na neno hilo hilo, alikuwa mweusi, mwenye kiburi, na lifti alipanda peke yake.

"Mwandikishe lile darasa la Kikirigizi shuleni," Tursunai akasema, akisukuma mavi kwa ufagio. "Kule ni Kikirigizi tangu kengele ya asubuhi hadi ya kurudi nyumbani. Usipofanya hivyo utabaki bubu mwenye zizi."

Bibi akaenda, amemshika Aidai mkono, kondoo nyuma yao wakingoja taa ya kijani kama watu wengine. Kwenye foleni mama mmoja aliuliza kama wanauzwa.

Mwalimu mkuu alimuuliza mtoto, kwa Kikirigizi, jina la baba yake. Aidai akajibu kwa Kirusi kwamba hajaelewa.

"Darasa hili ni la wanaojua tayari," mwalimu mkuu akamwambia bibi.

"Anayejua anakuja kufundishwa nini?"

"Bibi yangu, mwaka jana darasa zima lilipata alama za juu. Huyu ataniharibia. Mlete akishajua."

Bibi akatafuta neno "aibu", ambalo alikuwa akimwambia Aidai kutwa mara ishirini. Akaliona dirishani, linatafuna ua la ofisi. Mwalimu mkuu akasogeza chungu cha ua, akasema wanyama huandikishwa dirisha la pili.

Ijumaa orodha ikabandikwa. Watoto thelathini, wote wanajua. Aidai hakuwemo.

Jumamosi, kwa ombi la bibi, mume wa Tursunai akamchinja yule kondoo mweupe uani. Nyama ikachemshwa kwa bibi, tambi zikatandazwa kwenye sinia, na ulimi akapewa Aidai, kama apewavyo siku zote mtoto mzito wa kusema. Aliutafuna, akaomba chumvi kwa Kirusi, akaumalizia. Kisha akafuta mdomo kwa mkono wa gauni, akaenda kufungua mlango.

Tursunai alikuwa ngazini na ufagio wake, amenuna, katikati ya kondoo kumi. Harufu ya supu ilikuwa imeshamfikia, lakini naye ana heshima zake: haingii asipoitwa.

"Karibu, shangazi," Aidai akasema, kwa Kikirigizi safi kilichonukia mafuta.

Tursunai akaegemeza ufagio kwa Kijiko, aliyekuwa bado hai.

"Ehe? Sema tena."

"Karibu. Karibu ndani, tule kwa mikono."