Kula Ipo

Mama alipiga simu asubuhi ile kuniambia mdogo wangu anataka kula.

"Tangu afumbue macho ni kula, kula. Nesi amekataa katakata. Mtu katoka kupasuliwa jana, tumbo lenyewe bado bichi. Lakini huyu mwanangu njaa itamuua kabla ya ugonjwa."

Nilimwambia amsikilize nesi, nikakata simu. Nilikata upesi kuliko adabu inavyotaka, kwa sababu Mkuu wetu wa kazi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mikono kifuani, akitazama kioo cha kompyuta ambacho hakikuwa na cha kutazama.

"Tafuta tena," alisema.

Nikatafuta tena. Tawi la kura halikuwepo.

Tulikuwa watu wachache katika chumba kimoja juu ya duka la vipuri, tukiandika programu kwa yeyote aliyehitaji. Kazi zetu zote zilikaa kwenye ghala moja la mbali, ndani ya seva ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona kwa macho. Ukipewa kazi unafungua tawi lako humo, unaandika bila kuvuruga ya wenzako. Ukimaliza unabandika lebo pale ulipofika, ili mwingine ajue hapa ndipo pa kuchukulia. Mkuu alikuwa na sharti moja: jina la tawi liwe neno la Kiswahili, litaje kazi yenyewe. Alishachoka kuuliza watu walimaanisha nini.

Kazi ya mdogo wangu ilikuwa kura. Chama cha ushirika kilitaka wanachama wake wachague viongozi kwa simu, na wajumbe walikuwa wanakuja mchana huohuo kuiona programu ikifanya kazi. Mdogo wangu alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na Mkuu alishamwambia wazi kwamba kazi hii ndiyo itakayoamua kama anabaki au anakwenda. Jioni aliyotakiwa kuikabidhi alitoka ofisini ameshika ubavu. Kulipokucha alikuwa chumba cha upasuaji, kidole tumbo kimepasuka. Kompyuta yake ilibaki mezani, imefungwa kwa nywila aliyoijua peke yake.

"Simsemi mgonjwa," alisema Mkuu. "Lakini nilimpa kazi moja. Kama haipo, nitamtetea kwa lipi?"

Nilikasirika. Mkuu sikuweza kumlaumu, maana alichosema kilikuwa kweli. Nilimkasirikia mdogo wangu, kisha nikakumbuka amelala na mpira puani, nikajikasirikia mwenyewe. Hasira ilizunguka chumba kizima ikakosa pa kukaa.

Kuna amri inayoliuliza ghala la mbali, bila kupakua chochote: una matawi gani, una lebo gani? Unaweza kuliuliza yote, au ukataja neno, likakuonyesha yenye neno hilo tu. Letu lilikuwa limesheheni matawi ya miaka na miaka, kwa hiyo sote tulizoea kutaja neno. Nilitaja kura. Ghala halisemi hapana. Lilinirudishia mstari mtupu na kishale kikipepesa.

Niliuliza mara ya tatu, kwa herufi kubwa, kama mtu anayempigia kiziwi kelele.

Mdogo wangu alizaliwa na ulimi usiotaka herufi r. Utotoni barabara kwake ilikuwa balabala, ruhusa ilikuwa luhusa, na redio ya nyumbani tulizoea kuiita ledio sote, hadi wageni wakatushangaa. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake dukani na shuleni. Nilipojaribu kumsahihisha, Mama alinikemea: "Si umeelewa? Basi!" Ajabu ni kwamba amri za kompyuta hakuwahi kuzikosea hata moja. Zile alijifunza kwa macho. Kiswahili alikijua kwa masikio, akakiandika alivyokisikia kinywani mwake. Ndiyo maana majina ya matawi yake niliyapitia mimi kabla hayajaondoka, jambo nililolizoea kiasi cha kutolifikiria tena, kama kumfunga mtoto kamba za viatu. Wiki aliyolifungua tawi hili nilikuwa nyumbani na homa. Alijifunga mwenyewe.

Simu ikalia tena. Mkuu akashusha pumzi ndefu, lakini hakunizuia kuipokea.

"Sasa anakusumbua na wewe," alisema Mama. "Anasema nimwambie dada aangalie kama kula imefika. Nimemwambia dada yako yuko kazini, hapiki."

"Mama, amesema imefika au kimefika?"

"Jamani! Mgonjwa huyu, wewe unamtafutia sarufi?"

"Amesemaje?"

"Imefika. 'Kula imefika?' Basi, umeridhika?"

Mwenye njaa angeuliza kama chakula kimefika. Nilimwomba Mama asikate simu, nikaiweka mezani, nikafuta lile neno kura nililoling'ang'ania, nikaliuliza ghala matawi yote na lebo zote.

Matawi yakamiminika, kila moja na namba yake ndefu ubavuni. Kodi. Kuku, la mfugaji mmoja msumbufu. Kula. Maji. Mapokezi. Mgahawa. Kisha zikafuata lebo, na nilipoiona yake nilicheka, machozi yakanitoka, nikashindwa kuvizuia vyote viwili: kula-tayali.

Mkuu aliinama hadi shavu lake likawa karibu na langu.

"Hilo la kula niliona taarifa yake," alisema polepole. "Nikadhani ni la ule mgahawa."

Nililichukua, nikalifungua. Tulipiga kura za majaribio, mimi na yeye na mhasibu, tukijaribu kuiba kila tulivyoweza. Mhasibu alijipigia mara nyingi, na kila mara programu ilimkatalia kwa heshima. Mkuu alirudi kusimama wima.

"Tayali," alisema, kwa sauti ya chini, kama anayeonja neno. "Mwambie apone. Ile meza haipewi mtu."

Baadaye tawi lilifutwa, kama yanavyofutwa matawi yote yaliyomaliza kazi. Lebo ipo mpaka leo. Wafanyakazi wapya huomba kuisahihisha tahajia, na Mkuu hukataa bila kueleza. Lakini asubuhi ile nilikuwa na jambo moja tu la kufanya. Niliinua simu.

"Mama, mwambie kula ipo."

"Kula ipi tena? Nesi amesema..."

"Mwambie hivyohivyo. Kula ipo, dada ameiona, na meza yake haipewi mtu."

Nilimsikia akisogeza kiti, akayarudia maneno yangu moja moja, kwa mashaka, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Sauti ya mdogo wangu ilijibu kitu ambacho sikukidaka. Mama aliporudi kwenye simu alikuwa ananong'ona.

"Amelala," alisema. "Hajatia kitu mdomoni, lakini nakwambia, amelala kama mtu aliyeshiba."