Mwizi wa Mwanga Chini ya Ngazi

Naapa kwa masharubu yangu, niliyoyafuga miaka arobaini, kwamba haya yote ni kweli tupu. Asiyesadiki amwulize mke wangu, kisha asimsikilize.

Mjukuu wangu anasomea mimea chuo kikuu. Chumba cha giza cha chuo kiliezuka paa, akaja kuomba stoo yetu ya chini ya ngazi. Alitundika pazia jeusi mlangoni, akaziba kila ufa kwa utepe wa gundi, akapanga trei za maharage sakafuni. Aliingia humo peke yake, na kitaa cha mwanga wa kijani, rangi ambayo miche haiijali sana.

"Babu, humu haingii mtu. Hata nyumba ikiwaka moto."

"Moto nao una mwanga," nikamjibu.

Hakucheka.

Mimi nilikuwa fundi wa lifti. Elimu yangu ya mimea nimeiokota katika vitabu vyake akiwa bafuni. Nilichoambulia ni hiki: mche unaoota gizani huwa wa njano, lakini haujalala. Ndani ya seli zake, katika vile vifuko ambavyo vingekuwa vya kijani, unarundika malighafi ya utando na kuifuma kama wavu wa nyaya, uliopangika ajabu. Mwanga ukigusa tu, wavu unafumuka na kutandazwa kuwa shuka bapa. Saa kadhaa baadaye shuka zinaanza kupandana kama sahani kabatini, na juu ya shuka hizo ndipo jani hulinasa jua lijipikie chakula. Mjukuu alitaka picha ya ule wavu kabla haujafumuka. Darubini ya chuo ina foleni ndefu, naye alipewa zamu tatu. Zikipita bila picha hiyo, masomo hamalizi mwaka huu.

Siku ya nane akaitazama miche. Njano? Wapi! Majani yana ukijani wa maji ya bwawa. Zamu ya kwanza ikaenda. Akaziba upya, akapanda upya. Siku ya nane tena, ukijani ule ule.

Akakaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. "Nimeziba mpaka tundu la ufunguo! Mwanga unapita wapi jamani?"

Roho iliniuma, ila ulimi wangu haujui kukaa msibani. Nikamweleza kuhusu panya wenye macho yanayowaka. Hakuinua kichwa. Nikasogea karibu. "Hata mimi giza limenitenda. Nilikwama kwenye lifti siku nane, nikatoka mweupe kama karatasi. Bibi yako alinikaribisha kama mgeni."

"Ulikwama dakika kumi," mke wangu akasema kutoka jikoni, "na ulitoka unalia."

"Babu, nyamaza kidogo," mjukuu akasema. "Kuna mtu anaingia humu?"

Niulizwe hivyo, nyumbani kwangu! Nikasimama wima. "Kama mwizi wa mwanga analala nyumba hii, ninyolewe masharubu!"

Mke wangu akatokeza mlangoni akifuta mikono. "Hilo nimelisikia."

Kwa kuwa miche ilishaharibika, mjukuu akalivuta pazia lote na kuwasha taa ya stoo. Akachuchumaa penye trei. "Babu, njoo."

Mche huinamia unakotoka mwanga. Miche ile haikuinamia mlango wala tundu la ufunguo. Trei zote, vichwa vyote, kama watu wanaoamkia mkwe, vilielekea rafu ya pembeni, penye kopo langu la misumari.

Akalitikisa kopo. Misumari hailii vile.

"Peremende," akasema.

Daktari alinikataza sukari miezi sita iliyopita. Basi kila alasiri, mjukuu akiwa darasani, nilijipenyeza, nikaiweka tochi yangu ya kazini juu ya rafu, nikamenya moja.

"Dakika moja tu kwa siku, mjukuu wangu! Dakika moja ni mwanga gani?"

"Ndiyo hiyo hiyo inayoanza kufumua wavu, Babu." Akalitia kopo kwapani. "Siku kumi na sita najilaumu mikono yangu. Na wewe unanihadithia panya."

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Kwangu hata nusu hazikufika.

Nililipa alasiri ile ile, kwenye kigoda, uani, taulo shingoni. Mke wangu alishika wembe kwa furaha niliyomwona nayo mara ya mwisho siku ya ndoa. Mjukuu aliosha trei bila kunitazama. Masharubu yakaanguka, na chini yake pakatokea ngozi iliyopauka, isiyoonja jua tangu mama yake mjukuu hajazaliwa.

"Kumbe ndiye huyu niliyeolewa naye," mke wangu akasema.

Mpaka zamu ya mwisho zilibaki siku nane kamili; akapanda tena. Siku zote hizo nilikaa mlangoni pa stoo kama bawabu, mifuko yangu ikipinduliwa asubuhi na jioni. Siku ya nane mjukuu aliingia na kitaa chake, akakaa humo mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Alitoka na trei iliyofunikwa kitambaa cheusi mara tatu.

"Vipi?" nikauliza.

Ndipo akanitazama, mara ya kwanza tangu wembe. "Imepauka vizuri, Babu. Kama mdomo wako."

Akaenda zake darubinini. Nilitaka kumwuliza kopo langu aliliweka wapi, nikaona heri ninyamaze.