Hakai

Saa nne asubuhi karani wa utafiti wa nguvukazi wa taifa alifika kwenye nyumba yenye geti la bluu, akapangusa mlango kwa kiganja, akaandika kwa chaki: 112. Nambari ilitulia kidogo, kisha ikashuka kwenye fremu, ikavuka sebule, ikaelekea jikoni.

"Inamtafuta mtu," karani alisema, akivua viatu. "Jana moja ilinikimbiza mpaka sokoni."

Mama mwenye nyumba alikuwa ameshataja watu wake: yeye, mumewe, watoto watatu. Lakini 112 ilikuwa imempanda mgongoni msichana aliyekuwa anapiga deki, inatembea begani na kiunoni kama siafu.

"Na huyu?"

"Huyo ni kama binti yetu."

"Kama binti, au binti? Fomu yangu haina 'kama', mama." Karani akamgeukia msichana. "Nikijua unapokaa, nakuandika: mfanyakazi, nyumba hii. Wakubwa watakuja kuuliza siku zako za mapumziko. Haya, dada, unakaa wapi?"

Dada hakuwa na siku ya mapumziko, mwaka wa tatu huu. Tambara likamponyoka ndooni.

"Kukaa? Kaka, mimi tangu alfajiri sijakaa."

Karani hakucheka. Alieleza kwamba nambari hutulia ikasomeka pale tu aliyeibeba anapokaa, hata kidogo, na kwamba gari lao linaondoka saa sita.

Dada akavuta kiti, akakitoa uani.

"Kabla hujakaa," mama akasema, "epua sufuria, mwanangu."

Akaepua. Akarudi kwenye kiti. Kabla hujakaa, anua nguo, mwanangu, wingu lile. Kabla hujakaa, mtoto kajikojolea. Mama hakuwa na roho mbaya. Kila mara alisema kwa upole.

Fundi cherehani wa nyumba ya pili aliacha kitambaa chini ya sindano, akaja mbio. Saa tano na nusu uani palikuwa hapatoshi.

"Kaa, dada! Kaa!"

"Kunja magoti! Au umesahau yanakokunjikia?"

"Huyo, huyo, anashuka! Aaah, kaitwa tena!"

Walipiga makofi, wakapiga vigelegele, mzee mmoja akapanda juu ya ndoo ili aone vizuri. Dada naye alikuwa anacheka huku anakimbia, jasho linamtiririka, ndoo mkono huu, mtoto mkono huu, na 112 inang'aa mgongoni. Maishani mwake hakuwahi kushangiliwa.

Honi ya gari ikalia. Dada akatua kila kitu chini, akashika kiti, akaanza kushuka. Kati yake na kiti palibaki upana wa kiganja.

"Kabla hujakaa," mama akasema, "mfungulie mgeni geti."

Dada akasimama. Akamfungulia.

Karani alijaza fomu palepale getini, amesimama. Penye makazi aliandika: Hakai. Ofisini walilipokea neno hilo bila swali. Kwa hesabu ya taifa, nyumba yenye geti la bluu ina watu watano na viti sita.

Majirani walirudi makwao, bado wanabishana ni nani aliyemwona akikaribia zaidi. Jioni mama aliiona ile chaki mgongoni mwa Dada.

"Usije ukaegemea ukuta, mwanangu. Rangi mpya ile."

"Sawa, mama," Dada akasema, akasogea mbali na ukuta.